Ukuta Mnene Haupozi Moshi

Ukimwomba muuza viko akuchagulie kiko kizuri, mara nyingi atachukua kile chenye bakuli nene, akuwekee kiganjani na kukuambia usikie uzito wake. Kisha yatafuata maneno ambayo wavutaji wamerithishana tangu zamani: ukuta mnene hupoza moshi, ukuta mnene hauungui, ukuta mnene ndio unaomfaa anayeanza, na ukuta mnene huficha udhaifu wa mti wowote. Yamesemwa mara nyingi hata yanapita bila kuulizwa. Nataka yaulizwe, moja baada ya jingine, kwa sababu kiko cha kazi ya mkono kina bei kubwa, na anayekinunua kwa kutazama unene wa ukuta peke yake anaacha kukagua sehemu ambazo kweli zinaamua kitavutikaje na kitadumu miaka mingapi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Unene wa ukuta una kazi yake, na kazi hiyo ni kuulinda mkono wako usiungue. Karibu kila sifa nyingine ambayo unene umepewa ni ya kitu kingine ndani ya kiko.

Dai kubwa kuliko yote ni hilo la kupoza moshi, na ndilo litakalonichukua muda. Kwanza tuifuate njia ya moshi wenyewe. Kaa la moto liko juu ya tumbaku. Unapovuta, moshi hushuka ukipenya tumbaku ambayo bado haijashika moto, huingia kwenye tundu dogo lililo chini ya bakuli, lenye upana wa milimita 3.5 hadi 4 hivi, hupita shingoni, huingia kwenye mrija, ndipo unapofika kinywani. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo moshi unapita ndani ya ukuta. Joto lake hupungua kwa kugusana na tumbaku iliyo chini na kwa urefu wa njia kati ya tundu na midomo yako.

Mti ni kizuizi cha joto. Ukiuongeza unene, unachelewesha joto kufika upande wa nje, na kiganja chako kinaona raha. Chupa ya chai ukiishika nje ni baridi, na hakuna anayedhani kwamba chai iliyomo imepoa. Bakuli nene hufanya hivyohivyo: nje pametulia, ndani joto limezuiliwa. Nakubali kwamba mti mwingi hunyonya joto zaidi katika dakika za mwanzo, mpaka wenyewe upate moto. Lakini hilo haligeuzi hali ya moshi unaopita katikati ya tumbaku.

Kinachouunguza ulimi ni mambo mawili yanayotembea pamoja. La kwanza ni kasi ya kuvuta. Kila pafu hulipelekea kaa hewa mpya, na mapafu ya haraka haraka hulifanya liwake kwa hasira. La pili ni unyevu. Tumbaku iliyotoka kwenye kopo ikiwa bado mbichi hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo hubeba joto zaidi hadi kinywani kuliko moshi mkavu. Ongeza hapo asili ya tumbaku yenyewe, kwa maana zipo aina ambazo moshi wake hukereketa ulimi hata zikivutwa kwa upole. Mtu akitandaza tumbaku yake juu ya karatasi kwa nusu saa kabla ya kuijaza, ataona mabadiliko ambayo milimita 3 za mti haziwezi kumpa.

Asiyeniamini na atazame mashindano ya kimataifa ya kuvuta kiko polepole. Kila mshindani hupewa kiko cha aina moja, gramu 3 za tumbaku ileile, kishindilio, na njiti 2 za kiberiti. Ana dakika moja ya kuwasha, na baada ya hapo haruhusiwi kuwasha tena. Anayekaa na kaa lake hai kwa muda mrefu kuliko wenzake ndiye mshindi. Viko ni vilevile na kuta ni zilezile. Hata hivyo wengine huzimikiwa mapema kabisa, na mabingwa wamewahi kuvuka saa 3. Tofauti yote iko katika ujazaji, ushindiliaji na pumzi.

Tazama pia viko vilivyobuniwa makusudi ili moshi ufike ukiwa umepoa. Kiko cha kibuyu cha Afrika Kusini kina kikombe chepesi cha jiwe jeupe liitwalo mirishamu kilichopachikwa kwenye mdomo wa buyu lililokaushwa, na chini ya kikombe hicho pameachwa uwazi mtupu. Moshi ukishuka hutanuka humo, hupungukiwa na joto na kuacha unyevu wake, kisha ndio uendelee. Falcon, kiko cha Marekani kilichobuniwa katika miaka ya 1930, kina mrija wa alumini unaotoa joto hewani, na bakuli lake dogo hufunguliwa kama skrubu. Wazee wa Rwanda na Burundi waliovuta bakuli la udongo walilitia mrija mrefu wa mti. Mafundi hao wote, kila mmoja kwao na kwa wakati wake, walishughulikia njia ya moshi. Hakuna aliyeamua kunenepesha ukuta.

Halafu kuna kiko cha gunzi la mahindi. Mji wa Washington, katika jimbo la Missouri, umekuwa ukivitengeneza tangu 1869, fundi Henry Tibbe alipoanza kuvichonga. Baadaye alipata hataza ya kuyapaka magunzi jasi kwa nje ili yawe imara. Kiko hicho ni chepesi sana na bei yake ni ndogo, na wavutaji wa miaka mingi hukisifu kwa moshi mtulivu. Jenerali MacArthur wa Marekani alijulikana nacho dunia nzima wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kama uzito na unene ndivyo vinavyoleta moshi wa baridi, gunzi lingekuwa limekwisha kutupwa zamani.

Dai la pili linasema ukuta mwembamba hutoboka kwa moto. Hili lina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayolifanya liaminiwe lote. Ni kweli kwamba moto ukiwa na mti mdogo wa kula utatokeza nje mapema. Swali ni kwa nini moto ulianza kuula mti.

Chukua kiko cha briari kilichotoboka, ukikate kwa msumeno kutoka ukingoni hadi kitakoni, ukifungue kama ganda la korosho. Mara nyingi utakuta ukuta wa juu ni mzima, rangi ya kahawia safi, na ngozi nyembamba ya mkaa kwa ndani. Weusi umejikusanya sehemu moja, aghalabu chini karibu na tundu la moshi, na kutoka hapo umetoa mkia ulioufuata ufa mdogo au kishimo kilichokuwa kimejificha ndani ya mti. Briari hupatikana kwenye kivimbe kinachoota baina ya shina na mizizi, chini ya ardhi, katika vilima vikavu vya pwani za Mediterania: Algeria, Corsica, Calabria, Ugiriki. Kivimbe hicho hukua polepole kwa miongo, na kinapokua humeza mchanga na vijiwe. Fundi huviona vingine anapochonga, vingine havioni. Kasoro ikiwa mahali pabaya, milimita 10 za ukuta hazitakuokoa. Ikiwa hakuna kasoro, milimita 5 zinaweza kukutunza maisha.

Sababu nyingine ni za mvutaji. Kuna anayewasha kwa kiberiti cha gesi chenye ndimi kali na kuuelekeza moto ukingoni. Kuna anayevuta kwenye upepo, kaa likapulizwa kama tanuri la mhunzi. Na kuna anayekwangua ukoko wote kila akisafisha, akidhani ni uchafu. Ukoko huo mweusi unaojijenga ndani ya bakuli ndio ngao ya mti. Uache ufikie milimita 1 au moja na nusu, uwe sawa pande zote, basi. Ukizidi sana hutanuka kwa joto na unaweza kuupasua ukuta.

Kuna jambo ambalo wanaousifu ukuta mnene hawaligusi kabisa, nalo ni kitako. Unene unaouona ukingoni ni wa ukingoni tu. Bakuli linaweza kuwa na ukingo wa milimita 9, kisha fundi akawa amechimba chini mno, kitako kikabaki na milimita 3. Kukipima ni rahisi. Ingiza njiti ya kiberiti ndefu au penseli hadi iguse sakafu ya bakuli, uibane kwa kidole palipo usawa wa ukingo, uitoe, kisha uilaze kwa nje ya kiko, kidole kikiwa usawa wa ukingo uleule. Umbali kati ya ncha ya penseli na mwisho wa mti ndio unene wa kitako. Ukiwa chini ya milimita 4 au 5, mimi hukirudisha kiko kabatini hata kama ukuta wake wa juu ni wa kifalme. Chini ndipo unyevu na majivu ya moto hukutana, na ndipo mvutaji asiyetaka kubakisha tumbaku huvuta kwa nguvu zaidi.

Kwamba ukuta mnene humfaa anayeanza, nalikataa bila kusitasita. Anayeanza hajui bado kasi yake. Mwalimu wake wa kwanza ni kiganja: bakuli likiwa la moto mno kulishika au kuligusisha shavuni, maana yake anavuta haraka, na inampasa akiweke kiko chini kidogo. Ukuta mnene humnyima onyo hilo mpaka mambo yameharibika, ulimi umeungua na mti umeanza kuwa mkaa. Tena uzito: kiko cha gramu 70 kikining'inia menoni huchosha taya, na humfanya mtu ang'ate mrija hadi autoboe. Chenye gramu 35 au 40 humwacha huru. Ukuta wa wastani, wa milimita 6 au 7, humwambia ukweli mapema.

Kuhusu viko vilivyopigwa mchanga nitasema machache. Wapo wanaovikwepa kwa kuwa mchanga umekula mti na kuupunguza ukuta. Umepunguza kweli, kidogo. Lakini umekula sehemu laini na kuacha zile ngumu, na ile sura ya mikunjo imeongeza eneo la nje linaloachia joto, na vidole hugusa matuta tu. Dunhill wa London walianza kuuza viko vya namna hiyo mwaka 1917, na zaidi ya miaka 100 imepita vikiendelea kuthaminiwa. Dai hili halina uzito.

Linalonisumbua zaidi, kwa kuwa linawagusa mafundi na wanunuzi wa kwetu, ni dai kwamba mti wowote utafaa mradi ukuta uwe mnene. Kwenye maduka ya vinyago utakuta viko vya mpingo vilivyochongwa kichwa cha simba au cha mzee mwenye ndevu, ukuta mnene kama kidole gumba, na muuzaji atakuhakikishia kwamba unaweza kukitumia leo jioni. Kazi ya mchongaji naiheshimu. Lakini mpingo ni mti mzito mno, huzama majini, na kadiri mti unavyokuwa mzito ndivyo unavyopitisha joto haraka kuliko mti mwepesi. Una mafuta yake ya asili, na unga wake huwawasha ngozi baadhi ya mafundi wanaoufanyia kazi. Ukipashwa moto upande mmoja na kubaki baridi upande wa pili, hupasuka. Unafaa sana kwa zumari za Ulaya, klarineti na obo, ambazo hazikutani na kaa la moto. Kwa bakuli la kiko haufai, na kuuongeza unene kunazidisha uzito bila kuondoa hata moja ya kasoro hizo. Halafu kuna vanishi. Viko vingi vya mapambo hupakwa vanishi nje, na vingine hadi ndani ya bakuli. Vanishi ikipata moto hutoa moshi wake, nawe unauvuta.

Briari ilipata sifa kwa sababu zilizo ndani yake. Kivimbe chake ni kigumu, nyuzi zake zimesokotana, kina madini ya silika yanayoupinga moto, na kabla ya kuchongwa huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa taratibu kwa miezi mingi, wakati mwingine miaka. Mji wa Saint-Claude huko Ufaransa ulijijenga juu ya kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Mzeituni uliokaushwa vizuri hufaa pia, na mcheri. Muulize muuzaji mti ulikauka muda gani kabla hujamuuliza ukuta una milimita ngapi. Asipoweza kukujibu, umepata jibu.

Sasa mirishamu, madini meupe mepesi ambayo wataalamu huyaita sepioliti. Hapa dai ni kwamba bila ukuta mnene haibadiliki rangi ile ya asali inayopendwa. Mambo ni kinyume. Kiko cha mirishamu hutiwa nta ya nyuki, na rangi huja pale joto, unyevu na mafuta ya tumbaku yanapokutana na nta hiyo ndani ya vinyweleo vya jiwe. Kwa kawaida huanza shingoni na chini ya bakuli. Ukuta mnene hukawia zaidi, kwa kuwa jiwe la kupenywa ni kubwa. Na kuhusu kuungua, jiwe haliungui; kwa hiyo hata ule ukoko tunaouhifadhi kwenye briari, humu hufutwa kwa kitambaa kila mara, kwani ukijikusanya unaweza kulipasua.

Afrika Mashariki ina historia yake hapa. Mirishamu ilichimbwa katika bonde la Amboseli, kwenye machimbo ya Sinya upande wa Tanzania, na kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza viko vyenye alama ya tembo vilivyouzwa hadi Uingereza kwa jina la Kiko. Jiwe la Amboseli ni zito na gumu kidogo kuliko lile la Eskişehir, Uturuki. Vingi vya viko hivyo vilivishwa ngozi kwa nje. Ukikipata kimoja leo, shika bakuli lake: ngozi ndiyo inayozuia joto lisifike kiganjani. Waliotengeneza walielewa kwamba tatizo la ukuta ni tatizo la mkono, na wakalitatua kwa kipande cha ngozi.

Viko vya udongo vya Gouda na vya Uingereza vilikuwa na kuta za milimita chache tu, na mamilioni ya watu walivivuta kwa karne nyingi. Vilikuwa vya moto, naam. Ndiyo maana walivishika kwenye mrija.

Limebaki dai moja ambalo sitalipitia kwa haraka ingawa nitalisema kwa maneno machache: kwamba moshi uliopoa, wa kiko kinene, hauna madhara makubwa. Huo ni uongo unaoua. Kupoa kwa moshi hakuondoi sumu iliyomo. Mwaka 1795 tabibu Samuel Thomas von Sömmerring wa Ujerumani alikwisha kuandika juu ya saratani ya midomo kwa wavuta kiko, na sayansi ya leo imethibitisha saratani za kinywa, koo, umio na mapafu, hata kwa wale wasiovuta moshi hadi ndani. Kama huvuti, usianze kwa ajili ya uzuri wa chombo. Kama unavuta na unaweza kuacha, acha, na kiko chako kibaki kabatini kama kazi nzuri ya mikono. Na muuzaji akikuambia bakuli lake nene ni salama kwa afya, toka dukani mwake.

Kwa anayenunua, iwe kwa kuvuta au kwa kukusanya, hivi ndivyo ningemwomba afanye. Apitishe waya wa kusafishia kutoka ncha ya mrija hadi ndani ya bakuli. Ukikwama, njia ya moshi haikunyooka, na hapo hakuna unene utakaosaidia. Atazame tundu linapotokea: liwe katikati na sawa na sakafu, kwa sababu likiwa juu litaacha tumbaku mbichi chini yake, na likiwa pembeni kaa litakula upande mmoja. Apime kitako kwa penseli. Azungushe kiko kwenye mwanga na kulinganisha ukuta wa kushoto na wa kulia, wa mbele na wa nyuma. Ukuta wa milimita 6 uliolingana pande zote ni bora kuliko wa 10 upande mmoja na 5 upande wa pili. Akishike menoni kwa dakika chache dukani, bila haya. Ndipo, mwisho kabisa, aulize kama kuta zake ni nene au nyembamba, na ajiulize kama anapenda kukishika bakulini au mrijani. Anayekishika bakulini na apewe nene kidogo.